Lori Lenye Sakafu ya Mtumbwi

Mume wangu alifariki kabla lori lake halijafika. Alikuwa ameliagiza wakati vita kuu ya pili ikiwa bado changa, na nilikwenda kulipokea mimi, bandarini Nyamirembe, siku chache tu baada ya kutoka eda. Niliondoka nyumbani nikitarajia lori. Kilichoshushwa melini kilikuwa injini, boneti, usukani, magurudumu, na vyuma viwili virefu vilivyonyooka kuelekea nyuma kama ngazi iliyolazwa. Hakukuwa na kiti wala mlango, wala mahali pa kuweka hata gunia moja la karanga. Wanaojua magari wanakiita kitu hicho chasisi. Mimi siku ile nilikiita balaa, nikakaa pale gatini nikalia, kisha nikajifuta machozi kwa sababu makuli walikuwa wananitazama.

Dereva niliyekwenda naye alitafuta kasha la sabuni, akalifunga kwa kamba nyuma ya usukani, akalikalia, na hivyo ndivyo alivyoiendesha ile chasisi hadi Biharamulo. Mimi nilimfuata katika lori la watu. Mjini kila aliyetuona alicheka. "Lori la Bibi limekuja uchi!" walisema. Jirani yangu mmoja mwenye maneno aliniletea kanga kuukuu, eti nimsitiri mgeni wangu. Nilimrudishia kanga yake pamoja na jibu ambalo siwezi kuliandika hapa.

Sisi kwa asili ni watu wa pwani. Babu yangu aliingia bara na misafara, akaoa huku, akafungua duka Biharamulo na hakurudi tena. Tulinunua ngozi, nta, asali, samli na karanga kwa wakulima, tukazipeleka ziwani. Mume wangu alikuwa akikodi malori ya wengine, na mkodishaji ndiye bwana: mzigo wako unaweza kuoza kwa sababu mwenye lori ana harusi ya binamu yake. Ndiyo maana alitaka lori lake mwenyewe. Bangili zangu zote za dhahabu zilikwenda humo, na nilizitoa kwa hiari yangu. Lori lile likipotea, nisingebaki na kitu ila duka lisilo na njia ya kufikisha mzigo popote.

Na lilikuwa karibu kupotea. Mwezi ule ule Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, Mwingereza, alituita barazani mbele ya Boma akatusomea waraka wa Serikali. Zamani, alisema, bodi za malori, yaani kibanda cha dereva na sehemu ya kupakia mzigo, zilikuja kutoka ng'ambo pamoja na malori yenyewe. Sasa meli zimejaa askari na silaha, hazina nafasi ya kubeba mbao. Kwa hiyo Serikali imekusudia kwamba chasisi zitaendelea kuletwa, lakini bodi zitatengenezwa humu humu nchini, ili nchi ijifunze kujitengenezea ilichokuwa ikikingojea kwa wengine. Kila bodi itapimwa na mtaalamu. Itakayofaulu itapewa leseni na mgao wa petroli. Na chasisi yoyote itakayokutwa haina bodi inayofaa wakati mvua kubwa zinaanza itachukuliwa kwa kazi ya vita, na mwenyewe atapewa barua ya shukrani.

Barua ya shukrani! Nilijaribu kuwaza jinsi barua inavyoweza kubeba ngozi hadi Nyamirembe.

Lakini nitasema kweli. Amri nyingi nilizozisikia pale barazani zilikuwa za kukataza: msichome, msikate, msiwinde, msipite. Hii ilikuwa ya kwanza kutuambia tufanye kitu. Ilinipendeza kwa namna ambayo sikuitarajia, ingawa ilikuwa imekuja kuninyang'anya.

Bwana Shauri akamalizia kwa kusema wenye chasisi wazipeleke kwenye karakana za miji mikubwa. Mimi nilikwisha kuulizia huko. Walinijibu kwamba kazi za jeshi ndizo za kwanza, na kwamba nisubiri zamu yangu, nayo ingefika baada ya mwaka na zaidi. Basi nikasimama. Mwanamke kusimama barazani lilikuwa jambo, na mjane aliyetoka eda juzi lilikuwa jambo mara mbili.

"Bwana Shauri," nikasema, "waraka umesema bodi zitengenezwe wapi?"

"Ndani ya nchi."

"Na Biharamulo iko nje ya nchi?"

Watu waliangua kicheko, na wengine waliguna. Yeye hakucheka. Alivaa miwani yake, akausoma waraka tena kimoyomoyo tangu juu hadi chini, tukimsubiri juani. Kisha akasema, "Haukutajwa mji wowote."

"Basi ya kwangu itatengenezwa hapa."

Nilikaa chini. Sikuwa na fundi, sikuwa na msumari, na katika maisha yangu nilikuwa sijatengeneza hata kigoda.

Fundi nilimpata Ngara. Alikuwa Mhangaza, Mkatoliki wa ukoo ulioishi vilimani kule tangu enzi na enzi, mtu mpole mwenye mikono mikubwa. Mapadri walimfundisha useremala, na mabenchi ya kanisa lao alitengeneza yeye. Lakini kabla ya mapadri alifundishwa na baba yake, na baba yake alikuwa mchongaji wa mitumbwi ya pombe. Kwao mtumbwi si wa kuvukia mto. Ni gogo moja kubwa lililochimbwa, ndani yake ndizi mbivu hukamuliwa mpaka zitoe maji ya kutengenezea pombe ya harusi na ya matanga. Mtumbwi ukivuja siku ya harusi, aliyeuchonga hutaniwa mpaka siku anaingia kaburini, na baada yake watoto wake hurithi utani huo. Aliponisimulia haya nilicheka tu. Mimi na pombe wapi na wapi? Sikujua kwamba alikuwa ananiambia jambo kubwa kuliko yote atakayoniambia.

Mbao tulizipata za mninga, nzuri, nzito, nyekundu. Vyuma vya kuzishikia ndivyo vilivyokosekana. Madukani hakukuwa na boliti hata moja, na misumari ilikuwa ikiuzwa kwa kuhesabiwa kama vidonge vya homa. Ndipo nilipomwendea mzee mmoja Mrongo, wa wale watu wa Uzinza ambao tangu zamani kazi yao ni chuma. Babu zake walikuwa wakiyeyusha mawe na kufua majembe yaliyolimiwa nchi nzima hii, mpaka majembe ya meli yalipokuja na kuwaharibia biashara. Yeye alibaki na nyundo yake, anatengeneza visu na mikuki.

Kwa mila yao mwanamke hasogelei moto wa chuma unapowaka. Nikikanyaga majivu yale, chuma kitakataa kushikana. Basi nilisimama ng'ambo ya njia, yeye akasimama kwake, tukapatana kwa kupiga makelele.

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba! Unataka nini, mama?"

"Pini za kushikia lori!"

"Za kushikia nini?"

"Lori! Gari!"

"Niletee majembe yaliyokwisha!" akapaza sauti. "Yale ya zamani, ya kwetu! Ya meli sitaki, yana chuma cha kitoto!"

Nilikwenda Runazi, ambako nilinunua karanga kila mwaka na wanawake walinijua. Niliwaambia shida yangu bila kuficha. Wakaingia ndani, wakapandisha mikono darini, wakashusha vipande vya majembe vilivyolika mpaka vimebaki kama ulimi, majembe ya mama wakwe zao na ya bibi zao. Sikuwaomba bure. Niliwaahidi kwamba lori likipata leseni, safari yake ya kwanza ya mnada itawapakia wao na mizigo yao, nao watakaa mbele ya wanaume. Hilo la kukaa mbele ya wanaume ndilo lililowaleta hata wale waliokuwa wanasita.

Pini za mzee zilikuwa nene, zenye kichwa upande mmoja. Hupenyezwa tunduni zikiwa nyekundu kwa moto, kisha upande wa pili hupondwa kwa nyundo mpaka ziume. Maana yake ilikuwa moto wake uhamie kwangu. Siku nne nilifukuzwa katika ua wangu mwenyewe. Nilikaa dukani nikisikiliza nyundo, nikatamani kuchungulia, na kila nilipokaribia mlango wa nyuma sauti ya mzee ilisikika: "Mama, nakuona!" Alikuwa ameupa mlango mgongo. Mpaka leo sijui aliniona kwa jicho gani.

Karakana yetu ilikuwa na sikukuu nyingi kuliko siku za kazi. Ijumaa mchana mimi na dereva tulifunga kazi kwa ajili ya sala. Jumapili Fundi alikuwa kwa mapadri. Mzee naye alikuwa na siku zake ambazo chuma hakiguswi, na hakutuambia mapema ni zipi. Katika siku zilizobaki tulifanya kazi kama wendawazimu, huku mawingu yakianza kukaa juu ya vilima.

Karatasi ya masharti niliyopewa Boma ilieleza kila kitu: urefu, upana, unene wa mbao. Na ilieleza kwamba kati ya ubao na ubao wa sakafu iachwe nafasi ya upana wa kidole, ili maji ya mvua yapite yadondoke chini. Nilimsomea Fundi sharti hilo mara mbili. "Ego, mama," alijibu, maana yake ndiyo kwa lugha yao. Bodi ilipokamilika ilinifanya nisimame mdomo wazi. Ilikuwa na ubavu mrefu, mlango wa nyuma wa kushusha, na kibanda cha dereva chenye kiti cha ngozi ya ng'ombe. Pini nyeusi zilipangika kwenye mbao nyekundu, nzuri kuliko nakshi za milango ya kwetu pwani. Jirani mwenye kanga alikuja, akazunguka mara mbili, akaondoka kimya. Ukimya wake ulinitosha kwa wiki nzima.

Mtaalamu wa Serikali, ambaye watu walimwita Bwana Magari, alikuja wiki iliyofuata. Alikuwa mrefu, mwekundu, hana salamu nyingi. Alipakia mawe mpaka springi zikalala, akalipitisha lori kwenye makorongo, akalisimamisha ghafla mteremkoni. Akachukua nyundo akagonga pini moja, akaigonga tena kwa hasira, akatazama nyundo yake. Pini haikutikisika. Mzee Mrongo, aliyekuwa amechuchumaa kando, alitema mate pembeni kwa kuridhika.

Kisha Bwana Magari akalala chali akaingia chini ya lori na tochi. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka alisema, "Nafasi ziko wapi?"

"Nafasi gani?" nikauliza.

"Za maji. Sakafu hii imefungwa yote."

Nilipanda nyuma mwenyewe, nikafagia kwa mkono mchanga uliotapakaa mle. Chini ya mchanga mbao zilikutana kama vidole vilivyofumbatwa. Katika kila muungano Fundi alikuwa ameshindilia nyuzi za magome, na juu yake akamwaga nta. Nta yangu, ya dukani! Nilimgeukia Fundi. Alikuwa anatazama miguu yake.

"Nirijaribu, mama," akasema. "Wallahi nirijaribu, kama mnavyosema nyinyi. Niriacha nafasi kwenye mbao tatu za kwanza. Nikarara, sikupata usingizi. Nikamwona baba. Ananiuriza, chombo gani hiki cha kubebea, kina matundu hata kabra hakijabeba? Nikaamka nikaziba. Nikasema nikishaziba tatu, bora nizibe zote."

"Baba yako atanipa leseni?" nilimpigia kelele. "Baba yako ndiye Serikali?" Nilimwambia na mengine, mbele ya watu, na baadhi yake yalimgusa mama yake asiye na kosa. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yakawa yananiwaka. Miezi yote ile, majembe ya watu, bangili zangu, siku nne za kufukuzwa uani, halafu mtu mzima ananiangusha kwa sababu ya aibu ya mtumbwi wa pombe!

"Hii si lori," Bwana Magari akasema, akifunga daftari lake. "Hii mtumbwi. Maji ikiingia, haitoki. Mbao itaoza." Akaliandika lori langu katika orodha ya yale yatakayochukuliwa. Kuing'oa sakafu na kuipanga upya kungehitaji wiki mbili, na mvua ilikuwa imeshaanza kunusa nusa.

Kilichoniokoa kilikuwa njaa, na sifurahii kusema hivyo. Mwaka ule vilima vya Ngara havikupata kitu, na unga wa Serikali ulikuwa umerundikwa katika ghala la Boma kwetu ukingoja usafiri. Malori mawili ya Serikali yalitegemewa, yenye bodi za kutoka ng'ambo na sakafu za nafasi kama karatasi ilivyotaka, na moja lilikuwa limevunjika ekseli. Bwana Shauri alituita jioni ile mimi na Bwana Magari. Alisema lori langu halina leseni ya biashara, lakini kupeleka unga kwa wenye njaa si biashara. Liende safari moja pamoja na lile zima, na Bwana Magari, aliyekuwa anakwenda Ngara hata hivyo, aende nayo yote mawili. "Baada ya hapo," akaniambia kwa upole, "orodha ni orodha."

Nilisema nitakwenda nalo. Hakuna aliyethubutu kunizuia.

Tuliondoka asubuhi. Lori la Serikali lilitangulia na Bwana Magari ndani yake. Sisi tulifuata, dereva na mimi mbele, Fundi nyuma juu ya magunia chini ya turubai. Alijitia humo bila kuulizwa, na mimi nilikuwa simsemeshi. Tulipopita Nyakahura mvua ikashuka. Nimeona mvua nyingi, lakini ile ilikuwa na kisirani. Barabara iligeuka tope, tope likageuka mto. Magurudumu ya lori la mbele yalikuwa yakichota maji machafu na kuyarusha juu kwa nguvu, chini ya bodi, bila kukoma. Nililiona hilo kwa saa nzima nikiwa nyuma yake kabla akili yangu haijaelewa ninachokiona. Turubai lao lilikuwa zima kabisa. Lakini maji hayakuwa yanatoka juu.

Bondeni, kabla ya kupanda kuelekea Kibimba, njia ilifunikwa na maji ya kinamasi, tukapita humo polepole, mawimbi yakigonga mbao zetu kwa chini. Dereva alikuwa anasoma aya zote alizozijua. Nilisikia sauti ya Fundi nyuma, naye yuko kwenye sala zake. Nikajisemea, kwa vyovyote, lori hili leo limeombewa pande zote.

Tulifika Ngara alasiri. Watu walikuwa wamesimama nje ya ghala kwenye manyunyu, akina mama wengi, wamebeba vikapu vitupu, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kupiga kelele. Lori la Serikali lilifunguliwa kwanza. Magunia ya juu yalikuwa salama. Yale ya chini, safu mbili nzima, yalishuka yakidondosha uji wa tope. Bwana Magari aliweka mkono kwenye mojawapo, ukazama. Mama mmoja aliyekuwa karibu alifunika uso kwa ushungi wake.

Kisha wakaja kwetu. Fundi alishusha mlango wa nyuma, magunia yakaanza kutolewa, safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Bwana Magari akasema, "Ngoja." Alipanda mwenyewe, akasukuma watu, akavuta gunia la chini kabisa, la kona, lililolala juu ya gurudumu la nyuma. Akatoboa kwa kisu upande uliogusa sakafu, akaingiza mkono mpaka kiwiko. Alipoutoa ulikuwa mweupe. Mweupe, mkavu, na unga ukapeperuka kidogo kwenye upepo.

Nilisema alhamdulillahi kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. Fundi alipiga ishara ya msalaba. Akina mama wakaona ule mkono, na vigelegele vikapanda, vya wanyonge kwanza, kisha vya watu kamili. Sijawahi kupigiwa vigelegele vile, hata siku ya harusi yangu, na siku ya harusi yangu nilipendeza. Nilimshika Fundi bega nikamwambia, "Baba yako ana akili kuliko Serikali, na kuliko mimi." Akacheka na kulia vyote pamoja, mkono wake mkubwa ukiwa machoni.

Bwana Magari alikuwa bado amesimama ndani ya lori akitazama sakafu. Hakuwa mtu mbaya, na siku ile nilimheshimu, kwa sababu hakujifanya hajaona. "Lakini turubai ikipasuka," akasema, "maji itatoka wapi?"

Fundi alijifuta uso. "Bwana, mtumbwi una mdomo," akajibu. "Kira mtumbwi una tundu moja kwa chini, na kizibo. Pombe ikiiva unachomoa. Hapa nirisahau kuuweka, kwa kuwa nirikuwa naziba haraka haraka mama asinione." Akasita, akaongeza kwa aibu, "Baba angenicheka."

Bwana Magari alicheka yeye. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Fundi akaazima keekee ya kutobolea mbao kwa mapadri, na kabla ya giza sakafu yetu ilikuwa na matundu mawili, moja kila upande, na vizibo vya mbao vilivyokaa sawasawa. Wakamwaga ndoo ya maji, wakachomoa, yakatoka yote.

Mnada wa kwanza baada ya leseni wanawake wa Runazi walipanda lori langu na kukaa mbele, wanaume nyuma kabisa, na kelele zao zilisikika kabla ya injini. Leseni yenyewe ilikuja siku chache tu baada ya safari ya Ngara. Bwana Shauri alituita ofisini Boma sote watatu, mimi, Fundi na mzee Mrongo. Bwana Magari alikuwa hapo. Alifungua ile orodha mbele yangu, akalikata lori langu kwa mistari miwili, akanionyesha ili nihakikishe. Nilihakikisha. Akasema ameandika kwa wakubwa wake kwamba katika wilaya za mvua na tope kama hizi bodi zijengwe kwa sakafu iliyozibwa yenye vizibo, na kwamba chasisi mbili za Serikali zilizokuwa zikingoja zamu mjini zitaletwa kwetu badala yake, kama tuko tayari. Nilisema tuko tayari kabla hajafunga mdomo. Sikuwauliza wenzangu, na wenzangu hawakulalamika.

Ikabaki karatasi ya lori lenyewe. Palikuwa na mstari wa kujaza mahali bodi ilipotengenezwa. Bwana Magari akachovya kalamu na kuniuliza aandike nini. Nilimwona karani aliyekaa pembeni akiinua kichwa, maana karatasi zote alizozipanga katika kabati la ofisi ziliandikwa miji ya ng'ambo.

"Andika Biharamulo," nikasema.

Fundi akakohoa. "Na Ngara, Bwana. Mikono iritoka Ngara."

Mzee Mrongo hakukohoa. "Chuma ni cha Uzinza," akasema. "Andika Uzinza."

Bwana Magari alitutazama mmoja mmoja, kalamu ikidondosha wino. Alisema majina yote matatu hayataenea, mstari ni mfupi.

"Basi urefushe," nikamwambia.

Akachukua rula, akaurefusha mpaka ukingoni mwa karatasi.